Sabufa Mmefunga, Kamera ya Nyuma Mnasema Anasa

SEHEMU YA 1

Najua wengine mlikuwa mnasubiri somo la uji wa mtoto wa miezi sita. Litakuja. Leo nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo hivyohivyo, maana ikipoa nitaandika kistaarabu na hakuna atakayenyanyuka kwenye kochi.

Wiki mbili zilizopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu magari na watoto uani. Nikasema mwenye gari na mtoto mdogo afunge kamera ya rivasi. Mmoja akanijibu: "Nesi, hayo ni mambo ya wenye mashangingi, sisi wa Vitz tunaangalia vioo." Watu kibao wakamuunga mkono, wengine na vicheko juu. Haya, leo nawajibu. Itakuwa ndefu, nitaigawa vipande. Mwenye mtoto begani asome huku anambembeleza.

Kisa nitakachoanza nacho nimekibadilisha hapa na pale ili familia isitambulike. Asubuhi tunakabidhiana zamu, akaletwa mtoto wa kiume wa miaka miwili na kitu, mikononi mwa baba yake. Baba bado ana funguo ya gari kidoleni. Alikuwa anatoka kwenda kazini, mtoto akatoka barazani kumpungia kama kila siku, ila siku hiyo hakuishia barazani. Alishuka. Tairi la nyuma likapita juu ya paja.

Paja la mtoto likivunjika si jambo la kupaka dawa mkarudi nyumbani. Analazwa chali, mguu unavutwa kwa vizito, na mnahesabu wiki. Mtoto wa umri huo haelewi kwa nini hawezi kugeuka. Analia anamtaka mama, na mama yupo hapohapo ubavuni, haruhusiwi kumbeba. Huyu alipona, namshukuru Mungu, na anatembea. Wapo ambao wodini hawafiki kabisa. Hao sitawaandika.

Baba alikuwa anarudia sentensi moja tu: "Nilitazama vioo vyote, nesi. Vyote vitatu." Na mimi nilimwamini. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba alitazama kweli.

Kule koridoni ndugu nao walikuwa na swali lao, mnalijua: "Kwani mama yake alikuwa wapi?" Mama yake alikuwa anamwogesha kichanga wa miezi miwili. Wakahamia kwa dada wa kazi. Dada alikuwa jikoni, chai ya huyohuyo baba. Nikakaa nikahesabu: wanawake wawili wamelaumiwa, na hakuna kati yao aliyegusa usukani. Gari ambalo kwa nyuma halioni kitu halikusemwa hata mara moja.

SEHEMU YA 2

Sasa tuje kwenye "tunaangalia vioo".

Jumamosi nilipotoka zamu nilifanya jaribio uani kwangu, na majirani wakadhani nesi amechanganyikiwa. Mnalijua gari langu, ni Vitz, bebi-woka kama mnavyoyaita wenyewe. Nilichukua ndoo yangu ya njano ya lita 20, nikaiweka nyuma ya bampa. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikatazama kioo cha kati, vya pembeni, kisha nikageuza shingo mzima mzima. Hakuna ndoo. Nikamwambia kijana wa jirani aisogeze nyuma hatua moja moja mpaka niione kupitia kioo cha nyuma.

Niliiona hatua ya tisa.

Ndoo ile inakaribiana na mtoto aliyechuchumaa anaokota kifuniko cha soda. Hatua tisa, mama zangu. Kwa nyumba zetu nyingi hapa Dar hatua tisa ni kutoka kwenye gari mpaka ukutani, yaani uani kote. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavuni. Katikati nyuma ya buti havifiki, hata uvirekebishe mpaka vikatike shingo.

Halafu nikachukua futi. Ukingo wa chini wa kioo cha nyuma cha gari langu uko juu kidogo ya mita 1 kutoka chini. Sasa mwanao yuko wapi hapo? Mtoto wa mwaka mmoja kwa wastani ana sentimita 75 hivi, wa miaka miwili 86 hivi. Akisimama wima kabisa, amejinyoosha, akiwa karibu na bampa yuko chini ya kioo. Mbele ya macho yako kuna bati. Uwe dereva wa miaka thelathini, uwe umefundishwa jeshini, bati halitazamiki.

Mimi nawasikia wale wanaosema "dereva makini hagongi mtoto". Basi sikilizeni hii. Kule Marekani, mwaka 2002, baba mmoja alimgonga mwanawe wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, akirudisha gari nyumbani kwake. Mtoto akafariki. Baba yule kazi yake ni daktari wa watoto. Nani atakuwa makini kuliko huyo? Yeye na wazazi wengine waliofikwa na hayo wakapigania sheria, ikasainiwa mwaka 2008 ikiwa na jina la mtoto yule. Watengeneza magari na serikali wakavutana, tarehe zikasogezwa, hadi Mei 2018 ndipo kila gari jipya dogo kule likalazimika kuwa na kamera ya nyuma. Miaka kumi! Hesabu za mamlaka yao ya usalama barabarani wakati kanuni inapitishwa zilikuwa vifo kama 210 kwa mwaka kwa magari yanayorudi nyuma, na karibu theluthi moja ya waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Robo nyingine ni wazee wa miaka 70 kwenda juu. Kwa hiyo bibi aliyekaa kwenye kigoda anapepeta mchele naye yumo humu.

Japani, ambako vigari vyetu vinatoka, nao wameanza kulazimisha kifaa cha kuonyesha nyuma Mei 2022, kwa aina mpya za magari. Tunachonunua sisi ni cha zamani kuliko hapo. IST walishaacha kuitengeneza 2016. Vitz jina limeshabadilishwa kule, wanaiita Yaris, tangu 2020. Maana yake sheria yao haitatufikia leo wala kesho. Kama unataka kuona nyuma ya gari lako, utafunga mwenyewe.

SEHEMU YA 3

Hii fupi. Inahusu hela, na najua itawaudhi kina baba mnaosoma kwenye simu za wake zenu.

Mnasema hamna hela ya kamera. Sawa. Ila gari limetoka bandarini, wiki ya kwanza limewekwa tinti. Wiki ya pili rimu. Mwisho wa mwezi kuna sabufa kwenye buti, lile boksi kubwa, na juu yake mwanasesere na mito miwili inayoziba hata kile kidirisha kidogo mlichokuwa nacho. Tinti yenyewe mmeweka nyeusi hadi nyuma. Yaani mmelipa pesa ili msione.

Mimi kamera nilinunua elfu 40, ufundi elfu 30. Redio yenye skrini nilikuwa nayo. Usiye na skrini gharama inapanda, sikatai, ila vipo vioo vya kati vyenye skrini ndani yake, unavalisha juu ya kioo chako. Bei ulizia mwenyewe Kariakoo au Gerezani, zinabadilika. Lakini usiniambie anasa mbele ya sabufa.

Na kuna jambo linanikera zaidi ya yote. Baadhi ya magari haya yamekuja kutoka Japani yakiwa na kamera tayari! Nenda sasa hivi na tochi, angalia karibu na taa ya namba, kama kuna kijicho cheusi. Kilichotokea ni kwamba redio ya Kijapani ilikuwa haielewekI lugha, mkabadilisha, fundi akafunga mpya na waya wa kamera akauacha unaning'inia nyuma ya dashibodi kwa sababu soketi haikuingia. Hakuna aliyemuuliza. Mnatembea na kamera isiyounganishwa. Wakati mwingine kinachohitajika ni soketi ya kuunganishia tu.

Mtungi wa kuzimia moto mnao kwa sababu trafiki atauuliza. Uani hakuna trafiki.

SEHEMU YA 4

Sasa naungama, maana nisijifanye mtakatifu.

Kamera yangu ya kwanza nilifungiwa na fundi mmoja, kazi dakika arobaini, nikafurahi, nikamwongeza na hela ya soda. Mwezi wa nne ikaanza kucheza: picha inakuja, inapotea, inakuja. Nikasema nitapita kwa fundi nikipata nafasi. Unajua zamu zetu. Siku moja asubuhi nimetia rivasi, skrini nyeusi. Mguu ukaachia breki wenyewe. Nilishazoea kutazama skrini, vioo sikugusa. Mlinzi wa nyumba ya pili ndiye aliyepiga kofi la nguvu kwenye bodi. Mtoto wa mpangaji mwenzangu alikuwa nyuma na kijigari chake cha makopo. Nilizima gari nikakaa ndani, mikono inatetemeka, mimi ninayewatoboa watoto wenu mishipa bila kutetemeka.

Kwa hiyo wanaosema kamera inalevya wana haki nusu. Kamera mbovu inalevya. Tangu siku hiyo nina sheria: skrini ikiwa nyeusi, gari halirudi nyuma hadi nishuke nizunguke.

Nikaenda kwa fundi umeme mwingine, mzee mmoja taratibu sana, akafungua na kunionyesha kilichotokea. Na hapa ndipo nataka mnisome polepole, hasa wenye Vitz, IST, Passo, Fit, Demio, magari yote ambayo mlango wa nyuma unanyanyuka na kioo chake.

Kwenye gari la buti la kawaida, namba mara nyingi iko kwenye buti au bampa, waya hausumbuki sana. Kwenye magari yetu kamera inakaa juu ya namba, na namba iko kwenye mlango unaofunguliwa kila siku, mara tano, mara kumi, unatia mboga, unatoa kigari cha mtoto. Waya lazima uvuke kutoka kwenye mlango kwenda kwenye bodi. Ukifungua mlango tazama juu, karibu na bawaba: kuna bomba la mpira mweusi lenye mikunjo kama mrija wa kunywea soda. Ndani yake zinapita nyaya za kiwanda, za waipa, za taa ya namba. Waya wa kamera nao unatakiwa upite humohumo ndani. Kuupitisha ni kazi. Unachomoa bomba pande zote mbili, unatanguliza kijiwaya kigumu, unatia sabuni ya maji kidogo ili uteleze, unavuta taratibu. Mzee alitumia karibu saa nzima hapo peke yake.

Yule wa kwanza alikwepa hiyo saa. Aliupitisha waya pembeni, kwenye ukingo wa mlango, ukaminywa na chuma kila nilipofunga buti. Miezi minne ukakatika. Na mpira wa kuzuia mvua ukawa haukai sawa, maji yakaingia hadi kwenye tairi la akiba. Harufu ya ukungu nilikuwa nadhani ni maziwa ya mtoto yaliyomwagika!

Basi nenda, chukua stuli, kaa hapohapo gereji. Usiende kunywa chai. Muulize kabla hajashika bisibisi: "Fundi, waya utapita wapi kwenye mlango?" Akisema "usijali mama", wewe jali. Akikuonyesha lile bomba, mruhusu aendelee.

Asitoboe tundu mpaka ameunganisha kwa muda na wewe umeona picha. Bampa ionekane kidogo chini kabisa ya skrini. Usipoiona, maana yake kamera imeinuliwa sana, inaonyesha ukuta wa jirani vizuri huku pale mtoto anapochuchumaa hapaonekani.

Umeme wa kamera wanauchukua kwenye taa ya rivasi, ili ukitia gia ya nyuma iwake yenyewe. Ni sawa. Ila viungo asisokote nyaya na kuzungusha tepu tu. Joto la Dar linayeyusha gundi ya tepu, baada ya muda inafunguka. Achomelee kwa risasi au aweke viunganishi vya kubana, na fyuzi ndogo iwepo. Kuna waya mwingine mwembamba unaokwenda kuiambia redio kwamba umetia rivasi. Fundi mvivu anauacha, anakwambia "utakuwa unabonyeza hapa kwenye skrini". Kataa. Asubuhi una mtoto anayelia nyuma, begi, simu inaita, hutabonyeza.

Kisha amwambie msaidizi wake asimame nyuma upande wa kulia wa gari. Kwenye skrini aonekane kulia. Akionekana kushoto, picha haijageuzwa; kamera nyingi zina kijiwaya cha kukata au cha kuunganisha kwa ajili hiyo. Wengi wanakabidhiwa gari picha ikiwa kinyume, wanazoea kichwani, halafu anaendesha mdogo wake mtu na anakata usukani upande mtoto alipo.

Ile mistari ya kijani na nyekundu msiiamini mpaka mmeipima. Kamera haijui upana wa gari lako. Weka ndoo mita moja nyuma ya bampa, angalia imeangukia mstari gani, ukumbuke huo.

Na redio hizi za Android zinaamka pole pole kama mtu wa zamu ya usiku. Kanuni ya Marekani inataka picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kutia rivasi. Yangu, gari likiwa limelala usiku kucha, inaweza kuchukua nusu dakika. Basi nawasha, nafunga mkanda, namfunga mwanangu wake, nasubiri picha. Nusu dakika haijawahi kunichelewesha kazini. Foleni ya Tabata ndiyo inanichelewesha.

SEHEMU YA 5

Mmeniandikia wengi, najibu machache.

Usiku kamera inategemea taa ya rivasi. Vigari vingine vina taa moja tu, na nyingi nimeona zimeungua na mwenyewe hajui. Badilisha balbu. Na kioo cha kamera kifutwe kwa kidole kila asubuhi, hasa masika, tope likiruka hakuna picha.

Aliyeuliza kama akifunga kamera aache kuzunguka gari: hapana mama. Kamera inaona nyuma. Mtoto anayetambaa kutoka ubavuni kuelekea tairi la mbele haionyeshi. Kwangu utaratibu ni kwamba gari likiwashwa mtoto awe mkononi mwa mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Kusema "wapo ndani" hakutoshi. Baba akitaka kupungiwa, apungiwe dirishani, mtoto akiwa amebebwa.

Aliyeuliza kuhusu mtoto aliyegongwa kidogo, akaanguka, akanyanyuka anacheza: mlete hospitali hata kama anacheza. Mbavu za mtoto ni laini, zinapinda na kurudi bila kuvunjika, nje huoni kitu, huku ndani pafu, ini au bandama vimeumia. Usimpe chakula wala maji njiani, anaweza kuhitaji upasuaji. Kama hanyanyuki, usimvute mkono, usimtikise. Mwenye kumwinua ashike kichwa na mwili viende pamoja, shingo isipinde. Damu inayotoka bana kwa kitambaa safi, usiachie achie kuchungulia. Na tafadhali, maneno ya "mama yake alikuwa wapi" myaache getini. Sisi tunamhitaji huyo mama akiwa na akili zake, atuambie mtoto ana uzito gani na amekula saa ngapi.

Mlioomba namba ya yule mzee wa umeme, nimemuuliza, amesema wateja alionao wanamtosha, msimtangaze. Mimi siuzi kamera wala silipwi na mtu. Kesho naingia usiku. Nikiamka keshokutwa tunaendelea na uji, tulikuwa tumefika kwenye karanga. Na aliye jirani yangu asiye na ndoo ya lita 20 aje achukue yangu akapime, ila arudishe kabla maji hayajakatika.